Kila mashine ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ikipoteza sifuri, yaani pointi yake ya kuanzia, jibu ni "badilisha stepu". Inatosha!

Wakuu, leo nimeharibu ubao wa tatu. Upande wa kwanza ulichongeka safi, usiku nikazima mashine, asubuhi nikaiwasha na kuiamuru irudi kwenye sifuri ya jana. Biti ikashuka pembeni kabisa, ikapasua ua nililolichonga kwa saa nne.

Nikamwandikia aliyeniuzia. Akajibu: "Badilisha stepu kwa milimita." Yaani idadi ya hatua ambazo mota hupiga ili mashine isogee milimita moja. Jibu lilelile la mwezi uliopita! Na mafundi wengi wanaoulizwa hulitoa hilohilo kabla hata hawajauliza mashine imekosea vipi.

Mota yangu ina stepu 200 kwa mzunguko, drava (kifaa kinachoiendesha mota) inagawa kila stepu mara 8, skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko. 200 mara 8, gawanya kwa 8, unapata 200. Hiyo ni hesabu, haibahatishwi. Nimeamuru milimita 300, nikapima, imekwenda 300. Nibadilishe nini sasa? Stepu zikikosewa, kosa hukua kwa umbali: ukitaka 100 unapata 101, ukitaka 200 unapata 202. Langu halikuwa hivyo, na nilimweleza tangu mwanzo.

Mwezi uliopita nilimtii. Mhimili wa X ulikuwa unahama kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, nikaweka 203, nikaharibu vipimo vilivyokuwa sahihi. Kumbe skrubu ndogo inayobana kapla (kiungo cha mota na skrubu kubwa) kwenye shafti ya mota ilikuwa imelegea. Nilichora mstari wa kalamu juu ya shafti na kapla, nikaendesha dakika kumi, mistari ikaachana. Mota za stepu za kawaida hazirudishi taarifa yoyote, kwa hiyo bodi inayoiongoza mashine iliendelea kuamini biti iko pale ilipoamriwa.

Hili la leo nimelifuatilia mwenyewe. GRBL (programu iliyo ndani ya bodi) inatunza G54, yaani sifuri ya kazi uliyoiweka, hata umeme ukikatika, lakini G54 ni umbali tu kutoka sifuri ya mashine. Mashine isiyo na swichi za mwisho wa mhimili haina namna ya kuitafuta sifuri hiyo. Ukiwasha, inahesabu sifuri kuwa hapo hapo spindeli (mota inayozungusha biti) iliposimama. Mimi nilikuwa nimeisogeza kwa mkono ili nifagie vumbi. Basi.

Yangu iliuzwa bila swichi hata moja, na kijitabu chake hakina mstari hata mmoja unaosema kwamba ukizima sifuri inapotea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbao. Mtu anayeanza atajuaje?

Muuzaji, nataka swichi tatu na kijitabu kirekebishwe. Nanyi mnaoshauri wenzenu, ulizeni kwanza: kosa linakua kwa umbali, linakua kadiri kazi inavyoendelea, au limetokea baada ya kuzima? Mpaka mjibiwe hayo, msimguse mtu $100 yake (mpangilio wa GRBL wa stepu kwa milimita za X, si dola).