Fomu ya satsuei (kupiga picha) imerudishwa, harusi Jumamosi

Baba Nasra, Saitama
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Shemeji yangu anaoa Jumamosi, na tulipanga picha za maharusi kwenye bustani moja ya Kijapani huku kwetu, pale bwawani penye daraja la mbao. Fomu ya satsuei imerudishwa: nimeandika majina mawili, zairyu kadi (kadi ya ukaazi) ina matatu. Karani mpole mno, anainama mpaka naona haya mimi, ila neno lake ni moja: anza upya. Na muda wa kuomba umeshapita. Tukilipa kiingilio kama wageni wengine, tukapiga picha kwa simu bila stendi, kuna kosa? Bibi harusi atavaa shela.

Mama Kawasaki
Pole kaka. Majina hayo ndiyo yaliyonichelewesha kufungua akaunti benki, visanduku vya fomu viliisha kabla ya jina la babu. Kliniki nako wananiita kwa hilo hilo la babu. Siku ya kwanza nimekaa tu, naangalia nani atasimama, nusura zamu inipite. Babu mwenyewe kalala Tanga miaka mingi.

Kijana wa ABE (ufadhili wa masomo Japani)
Bro, mbona unajisumbua? Nendeni Shinjuku Gyoen. Ni bustani ya jiji la Tokyo, kiingilio 300, mnabeba mikeka na vinywaji mnajiachia.

Mzee wa Chiba
Kijana, usipotoshe watu. Shinjuku Gyoen iko chini ya Wizara ya Mazingira, si ya jiji. Mlangoni ni yeni 500, na pombe marufuku, begi linakaguliwa. Ilikuwa bustani ya mfalme, raia wakafunguliwa mwaka 1949. Za jiji ni kina Rikugien na Hamarikyu, hizo ndizo za 300. Tarehe 4 Mei na 1 Oktoba huingia bure.

Kijana wa ABE
Shikamoo mzee. Nilisema vinywaji, sikusema pombe.

Mpemba
Hamarikyu mie ndiyo yangu. Watu wanakwenda kutazama ule msonobari wa miaka mia tatu, matawi yameegemezwa magongo kama mzee wa makamo ya mwisho. Mie nakwenda bwawani. Maji yale ni ya bahari, yanaingia kwa lango kutoka Ghuba ya Tokyo, yanakupwa na kujaa, na kaa wamo kwenye mawe. Yakikupwa ile harufu ya tope inanipiga, nafunga macho nipo Wete. Nikifumbua naona maghorofa ya Shiodome.

Wa Nakuru, sasa Yokohama
Wee Mpemba, umeniliza. Lakini muone wenzetu, maghorofa yamezunguka bustani, ndani hakuna aliyegusa. Sisi mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, Nairobi! Bila Wangari Maathai tungekuwa tunapumzikia kwenye lifti. Na wabunge walimtukana mama wa watu.

Mzee wa Chiba
Hapa tunazungumzia bustani za Japani. Siasa za KANU zina mahali pake.

Wa Nakuru, sasa Yokohama
Uhuru Park pia ni bustani, mzee wangu. Bustani haijilindi yenyewe, hata hizi za hapa zililindwa na sheria.

Baba Nasra, Saitama
Jamani, nashukuru kwa yote. Ila shela je? Walinzi watanikamata kwa shela au kwa kamera?

Kijana wa ABE
Peleka juminhyo, cheti cha ukaazi, ina majina yote.

Mama Kawasaki
Juminhyo itamsaidia nini na muda wa maombi umepita? Soma alichoandika. Kaka, pilau anapika nani? Msije mkatumia mchele wa huku, unashikana. Basmati ninayo kilo kumi, mje mchukue kabla ya Ijumaa.

Mpemba
Na nazi?