Mdogo wangu kachaguliwa Tabora Boys, mama anasema haendi. Naombeni ushauri

Kijiwe_Gungu

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni bodaboda hapa Kigoma, kijiwe changu kiko Gungu. Mzee alifariki, nyumbani tumebaki mama, mimi na mdogo wangu wa miaka 13 ambaye kamaliza darasa la saba mwaka huu. Dogo ni kipanga, sisemi kwa sababu ni wa kwetu. Majuzi uchaguzi wa kidato cha kwanza ulipotoka, mwalimu wake alinipigia nikiwa na abiria njia ya Ujiji. Kachaguliwa Tabora Boys, ile shule ya bweni ya serikali. Nikasimamisha pikipiki pembeni, nikamwambia yule mama "subiri kidogo", nikalia. Akaniuliza nani kafa.

Furaha ilidumu mpaka jioni. Mama anauza dagaa Kibirizi na dogo ndiye mkono wake wa kulia: anaanika, anageuza, anaandika madeni ya wateja kwenye daftari. Mama kasema mtoto wa miaka 13 hawezi kwenda kulala Tabora kwa watu asiowajua, wakati shule ya kata ipo hapa, dakika ishirini kwa miguu.

Halafu ikaja fomu ya kujiunga. Tranka, godoro, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo, fyekeo, jembe, fagio la chelewa, rimu za karatasi, sare, viatu jozi mbili, na sijamaliza. Nimepiga hesabu ikafika laki tatu na arobaini bila nauli. Mimi nina laki na themanini, na pikipiki yenyewe ni ya mkataba, bosi anataka hesabu yake kila siku.

Juzi kaja jamaa kijiweni, kavaa vizuri, ana faili. Anasema ana mtu wake ndani, anaweza kumhamishia dogo kwenye bweni la hapahapa mkoani mama akapoa. Anataka laki na nusu "ya wakubwa".

Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili, sijawahi kulala bweni hata siku moja. Aliyepita huko anisaidie: nimpeleke, nimwache, au nimpe huyu jamaa hela? Nawasilisha.

Njuka_Mstaafu

Kwanza hongera kwa dogo. Pili, huyo mwenye faili mkimbie kama nyuki wa Sikonge.

Nikueleweshe inavyokwenda, maana watu wengi hawajui. Kidato cha kwanza serikalini hakuna kuomba wala kujaza fomu ya maombi. Mtoto anafanya mtihani Septemba, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. NECTA (Baraza la Mitihani) wanasahihisha, TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) wanapanga nani aende shule gani. Shule za vipaji maalum, yaani Tabora Boys, Tabora Girls, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, zinachukua wenye alama za juu kabisa. Kwa hiyo dogo wako ameshaomba na ameshajibiwa, maombi yake ni ile karatasi ya mtihani. Hakuna mkubwa wa kulishwa hapo.

Kuomba kwa maana ya kuomba ni kwenye shule za binafsi na seminari. Huko unanunua fomu, mtoto anafanya mtihani wa usaili, na unalipa ada. Bweni la serikali ada ilifutwa tangu 2016, na chakula serikali inagharamia. Ulichobaki nacho wewe ni hayo mazagazaga ya kwenye fomu.

Mimi bweni nililosoma sitalitaja, halikuwa hilo. Lakini nililia wiki mbili, wiki ya tatu nikawa nauza maandazi bwenini kwa siri.

Mkwezi wa Mawese

Mimi nitakwenda kinyume, mnisamehe.

Mwanangu wa kwanza alipata nafasi nzuri ya bweni, mbali kuliko Tabora. Tulimpiga picha na tranka, tukamsindikiza kama bwana harusi. Muhula wa kwanza alirudi kakonda na haongei. Kumbe wakubwa walikuwa wanamfulisha nguo, na kila Jumamosi ndoo yake inachotea maji watu wanne. Hakusema kwa sababu alijua nyumbani tunajivuna. Tulimhamisha tukamrudisha shule ya kata, na sasa yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Simlaumu mwalimu yeyote, najilaumu mimi, sikumuuliza hata mara moja kama anataka kwenda.

Mleta mada, umeandika maneno ya mama, ya jamaa mwenye faili na ya bosi wako. Dogo mwenyewe kasemaje? Hujaandika hata sentensi moja.

MamaTunu_TBR

Salamu kutoka Tabora, mwanangu. Nakaa huku mwaka wa kumi na saba na nimelea watoto wa bweni wa ndugu zangu wa Kasulu na Uvinza, kwa hiyo hiyo orodha naijua.

Tranka usinunue jipya. Hapo Kigoma mafundi bati wapo, mwambie fundi atie pete ya kufuli iliyokaza, na ndani bandikeni karatasi yenye jina. Godoro linunue huku ukifika, kulibeba kwenye basi utalipia kama abiria. Fyekeo na jembe vivyo hivyo, sokoni Tabora vipo, na mpini wa huku ni mgumu. Shuka angalia rangi waliyoandika, usilete za maua. Sare usishone kabla hujasoma vizuri kama zinapatikana shuleni.

Kisicho na mjadala ni fomu ya uchunguzi wa afya. Ijazwe hospitali na igongwe mhuri. Kuna wazazi wanafika na tranka la kung'aa bila ile karatasi, wanaanza kuzunguka mji kutafuta daktari. Chandarua pia, mbu wa huku hawana adabu. Na sweta! Watu wa ziwani mnadhani Tabora ni joto tu. Joto ni la Oktoba, Juni asubuhi mtoto anatoka bafuni meno yanagongana.

Kama hela haitoshi, nenda na ulivyonavyo, uone uongozi, useme ukweli, uandike lini utaleta vilivyobaki. Usimcheleweshe mtoto nyumbani kwa sababu ya rimu.

Halafu mwambie mama yako hivi: dagaa wa kukaanga wenye chumvi na pilipili, kopo moja la lita tano, waulizeni kama wanaruhusu. Wakiruhusu, mtoto wa Kigoma mwenye dagaa halisi hakai bila rafiki hata siku mbili.

Chaki na Dasta

Mimi ni mwalimu, na nimewahi kuwa mlezi wa bweni (si hapo). Vitu vya tranka MamaTunu kamaliza, mimi niongelee kichwa.

Dogo amekuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, sivyo? Sasa anaingia darasa ambalo kila aliyekaa alikuwa wa kwanza kwao. Jaribio la kwanza atakuwa wa 37. Nimewaona watoto wa hivi wakikunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya soksi asiione mtu. Mwandaeni kwa hilo kabla hajaondoka. Mwambie wewe kaka yake, maana wewe ndiye anakutazama, kwamba akiwa wa 37 hakuna atakayemgombeza. Hicho kitamsaidia kuliko viatu jozi ya pili.

Jingine ni lugha. Shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, huko Baiolojia na Jiografia zote ni Kiingereza. Wiki za mwanzo huwa wanawapa kozi ya kuwazoesha, lakini hizi siku alizonazo nyumbani asikae bure. Atafute vitabu vya kidato cha kwanza, asome kurasa mbili kwa siku kwa sauti, hata kama haelewi zote.

Ratiba ni kengele. Kuamka giza, usafi wa maeneo, paredi, darasa, ugali na maharage, prepo (kujisomea) usiku, kulala. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo mama asisubiri kupigiwa kila jioni. Chukueni namba ya patroni, yaani mlezi wa bweni, siku ya kuripoti. Pesa ya matumizi mpe patroni amtunzie, usimwachie mfukoni.

Kuhusu uonevu, alichosema Mkwezi ni kweli na kinatokea. Wekeni neno la siri. Mwanafunzi wangu mmoja walikubaliana na mama yake kwamba akisema kwenye simu "mnisalimie mbuzi", maana yake njooni. Kwao hawakuwa na mbuzi.

Na uhamisho ukija kuhitajika, ni barua, inapita kwa wakuu wa shule zote mbili na ofisi za elimu. Kutoka shule ya vipaji kwenda ya kata inawezekana. Kutoka ya kata kurudi huko, nafasi ikishapotea, sijaona.

Reli_ya_Kati

Shule aliyosoma Nyerere kuanzia 1937 mpaka 1942 mnaijadili kama mnapeleka mtoto jela? Apande zake treni, kilomita mia nne na kitu hizo, analala Uvinza anaamka Tabora 😂

Mkwezi wa Mawese

Nyerere naye hakuna aliyeandika ndoo yake ilichota maji mangapi.

Kijiwe_Gungu

Wakuu nimerudi. Nimesoma zote, nyingine nimemsomea mama kwa sauti pale kwenye chanja za dagaa.

Jamaa wa faili nimemwambia aje na barua yenye mhuri nimpe hela mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hajaonekana tena, na simu haipatikani.

Dogo nilimuuliza jana usiku, Mkwezi umenichoma kweli. Nilikuta ndoo ya mama ile ya bluu imeandikwa jina lake kwa msumari wa moto. Nikamuuliza lini hii? Akasema siku ileile matokeo yalipotoka. Alikuwa anaogopa kusema anataka kwenda kwa sababu ya daftari la madeni, nani ataandika. Amekwishaanza kumfundisha binti wa jirani.

Mama hajasema ndiyo. Lakini leo asubuhi nimemkuta anachambua dagaa, wakubwa anaweka pembeni kwenye beseni dogo. Nikauliza hao wa nani, akaniambia niende kazini nisimpotezee muda.

MamaTunu nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu godoro. Bosi wa pikipiki kakubali nimpe nusu hesabu wiki mbili. Tranka fundi wa Mwanga kasema elfu arobaini na tano.

Swali la mwisho, kufuli moja linatosha?

Njuka_Mstaafu

Nunua mawili. La kwanza litavunjwa kwa nyundo wiki ya pili, akipoteza ufunguo.