Ruzuku ya elimu kuhusu zebaki kwa wachimbaji wadogo: andiko letu limepungukiwa na nini?

Katibu wa Kikundi (Geita):
Wanajamvi, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii kilichosajiliwa, na wanachama wetu wengi ni akina mama wanaofanya kazi kwenye mialo (sehemu za kuoshea na kuchuja mchanga wa dhahabu) na makarasha (mashine za kusaga mawe yenye dhahabu). Tuliomba ruzuku ya kuielimisha jamii juu ya madhara ya zebaki, lakini andiko likarudishwa likiwa na maelezo mafupi kwamba matokeo yake hayapimiki. Tulikuwa tumeomba fedha za semina, fulana, vipeperushi na matangazo ya redio. Tatizo lenyewe liko wazi kwa kila anayepita mtaani kwetu: mtu anakamua zebaki kwa kitambaa bila glavu, kisha kile kidonge cha zebaki na dhahabu anakwenda kukichomea nyumbani kwenye jiko la mkaa, watoto wakiwa hapo hapo, kwa kuwa anahofia kuporwa akichomea mwaloni. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni mfuko upi unaofadhili elimu ya namna hii, na andiko linapaswa kusema nini ili likubalike.

Mratibu Mstaafu:
Ndugu Katibu, mlango wa kwanza kuubisha ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuendeshwa na UNDP, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo. Kemikali na taka ni miongoni mwa maeneo yake, na fedha huenda moja kwa moja kwa asasi za kiraia na vikundi vya jamii. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000 za Marekani, ingawa vikundi vingi vilipewa pungufu ya hapo. Maamuzi hufanywa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi si watumishi wa serikali, na hutazama sana mchango wenu wenyewe. Msidhani mchango ni fedha taslimu tu. Nguvukazi, ukumbi na muda wa viongozi huthaminiwa na kuandikwa kwenye bajeti.

Kuhusu maudhui, someni Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kiambatisho C kinataja mambo manne ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kuchanganya zebaki na mbale (mawe yenye dhahabu) zote badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kuchenjua kwa kemikali ya sayanidi marudio (mabaki ya mchanga) yenye zebaki kabla ya zebaki hiyo kuondolewa. Kiambatisho hicho hicho kinazitaka nchi ziwe na mikakati ya kuwapa taarifa wachimbaji na jamii zinazoathirika, na kuwalinda watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Andiko lenu likisema wazi kwamba linalenga kuondoa uchomaji majumbani katika mitaa kadhaa mliyoitaja kwa majina, tayari mna kitu cha kupima: majiko mangapi yalikuwa yakichoma kabla ya mradi, na mangapi yanaendelea baada yake. Idadi ya waliohudhuria semina haipimi lolote zaidi ya posho na chai.

Mkemia:
Naunga mkono, ila nawasihi mthibitishe kwanza ni sumu ipi iliyo mbele yenu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kutokana na sumu ya madini ya risasi (ledi) iliyokuwa ndani ya mbale za dhahabu zilizosagwa majumbani, na mafunzo ya zebaki peke yake yasingewaokoa.

Mkikusudia kupima watu, fahamuni kwamba mvuke wa zebaki hupimwa kwenye mkojo, wakati zebaki inayoingia mwilini kupitia samaki hupimwa kwenye nywele. Wengi huchanganya mambo hayo mawili. Utafiti wa kiafya kwa binadamu unahitaji pia kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali huchukua muda. Kwa kikundi kidogo ningeshauri mhesabu majiko na kuwaachia watafiti mikojo.

Mama wa Mwaloni:
Kaka Katibu, mimi nimekaa kwenye mialo miaka mingi, na naomba niseme jambo ambalo waandishi wa maandiko hulisahau. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, na mikono huanza kutetemeka taratibu mno, hivyo ukimwambia mtu kwamba mvuke huo unamuua atakujibu kwamba baba yake alichoma maisha yake yote. Ukimletea ritoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, ataikataa pia, kwa kuwa haoni kinachoendelea ndani na anaamini dhahabu yake inapotelea humo. Kwa hiyo elimu inayofaa ni kupima kidonge kwenye mizani mbele ya macho yake, kukichoma ndani ya ritoti, kisha kupima dhahabu na ile zebaki iliyorudi. Akiona zebaki yake imerudi kwenye maji na anaweza kuitumia tena bila kununua nyingine, atakusikiliza hata ukianza kuzungumzia madhara ya zebaki kwa ujauzito. Futeni fulana, fedha hizo ziende kwenye ritoti na mizani.

Katibu wa Kikundi (Geita):
Nawashukuru sana. Je, mfadhili atakubali vifaa kwenye mradi wa elimu, na hofu ya kuporwa tuitatue vipi?

Mratibu Mstaafu:
Atakubali iwapo mtaviandika kama vifaa vya kufundishia vinavyobaki kuwa mali ya kikundi, na kueleza nani atavitunza mradi ukiisha. Ama hofu ya kuporwa, jengeni banda moja la kuchomea lililo mbali na makazi, lenye mlinzi na kufuli ambayo ufunguo wake unashikwa na mwenye dhahabu mwenyewe wakati wa kuchoma. Gharama ya mlinzi iandikwe upande wa mchango wenu.

Mama wa Mwaloni:
Na mlinzi huyo achaguliwe na wachimbaji wenyewe. Akiteuliwa na viongozi wa kikundi, watu watarudi kwenye majiko yao.