Tupeane uzoefu: gitaa la umeme la mtumba ulilolipata mtandaoni

Buluu ya South C (mwanzilishi)

Wapenzi wa gitaa wa Nairobi, hamjambo. Kila mara tukikutana hapa tunaongea juu ya gitaa mpya za dukani na bei zake zinazokata pumzi. Leo naomba tusimuliane upande mwingine: jinsi ulivyoliona gitaa la umeme la mtumba kwenye simu, ukalifuata kwa mwenyewe, ukaja nalo nyumbani. Si lazima liwe la jina kubwa. Nataka tuongee raha yake.

Naanza na la kwangu. Ni Yamaha Pacifica 112, buluu iliyokolea. Tangazo lilikuwa na picha moja, gitaa limeegemezwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, na chini yake maneno matatu: "Gitaa, iko sawa." Mimi picha ilinitosha. Niliivuta kwa vidole mpaka kichwani nikasoma jina, nikashuka nikatazama pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Mbili nyembamba, na moja nene karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Huo ndio mpangilio wa 112. Yamaha walianza kuuza Pacifica mwaka 1990, kwa hiyo zimetapakaa kote na nyingi zimezeeka vizuri. Nikaandika lile swali letu sisi sote: "Bado iko?" Hapo kati ya kutuma na kujibiwa mnajua mtu anavyokuwa. Unafungua simu, unaifunga, unaifungua tena.

Muuzaji alikuwa anakaa Umoja. Alinikaribisha ndani akanipa chai kabla ya lolote. Amepigia kwaya gitaa hilo kwa miaka, sasa amehamia kinanda kwa sababu kiwiko kinamsumbua. Aliliunganisha, akapiga mapambio mawili, ndipo akanipa. Nyuma ya shingo, pale gumba linapopita, mbao ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Ulaini huo huwezi kuununua dukani, lazima mtu awe ameupigia. Kisha akaniambia kwamba uzi wa tatu huwa unatoka kwenye sauti yake ukivutwa sana, na dawa yake ni kusugua ncha ya penseli ndani ya mfereji unapopita uzi, pale juu shingo inapokutana na kichwa, kila unapofunga nyuzi mpya. Uzi unateleza, haunasi. Nafanya hivyo mpaka leo na uzi umetulia.

Nilituma 21,000 kwa M-Pesa, akanisindikiza hadi steji. Habari ya ule uzi wa tatu haikuwa kwenye tangazo, na ndiyo maana mimi napenda kununua kwa mtu aliyelipiga gitaa mwenyewe.

Nani anafuata?

Solo wa Kayole

Mkuu, umenigusa. Mimi langu ni Squier Stratocaster, Squier ikiwa chapa ya bei nafuu ya Fender. Muuzaji alikuwa Donholm, na jambo la kwanza nililomwomba ni picha ya namba iliyoko kichwani. Ilianza na ICS13. Hiyo I ni Indonesia, C ni kiwanda cha Cor-Tek, S ni Squier, na 13 ni mwaka 2013. Unajua unachokwenda kukiona kabla hujapanda matatu.

Nilipofika, kila akizungusha nobu ya sauti spika inakwaruza, na kebo ikiguswa sauti inakatika. Yeye alidhani gitaa limekufa, akashusha bei hata kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia ukweli kwamba hayo si makubwa, ni vumbi ndani ya nobu na jeki iliyolegea, lile tundu la kuchomekea kebo. Akasema sawa, lakini yeye hana muda, nilichukue kwa 14,000.

Nikalipeleka Luthuli Avenue kwa fundi wa redio. Hakuwahi kufungua gitaa maishani mwake. Akatoa skrubu za ile plastiki ya mbele, akachungulia, akacheka: "Hii ni redio bila stesheni!" Nobu tatu, swichi, kapasita, waya chache. Akapuliza dawa ya kusafishia nobu, akachomea upya waya wa jeki, akanirudishia. Nimesimama palepale kaunta nikapiga, na watu waliokuwa wanatengeneza subufa zao wakageuka.

Kuna jambo linalonifurahisha kila nikilishika. Leo Fender, aliyeunda Stratocaster mwaka 1954, alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakuwa akijua kulipiga. Ndiyo maana gitaa zake zinafunguka kwa bisibisi. Shingo inashikwa kwa skrubu nne tu. Aliziunda kwa akili ya mtu anayejua kwamba kitu kitaharibika na kuna fundi mwenzake atakayekifungua siku moja. Huyo mwenzake mimi nilimpata Luthuli.

Buluu ya South C

Solo, hiyo ya fundi imenipa raha kabisa. Endeleeni.

Dada wa Githurai

Mimi napiga kanisani, na mikono yangu ni midogo. Stratocaster na Telecaster nilikuwa nazipiga kwa shida kwenye freti za mwanzo, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Uzi unaopigika wa Fender, kutoka juu ya shingo hadi darajani, ni milimita 648. Wa gitaa la aina ya Les Paul ni kama 628. Hizo milimita ishirini ukiziandika ni kidogo, lakini kidoleni ni nyingi, na uzi wenyewe unakuwa mlegevu kidogo kwa sauti ileile. Kwa hiyo nilikuwa naisaka Epiphone Les Paul, na niliyoipata ilikuwa Mombasa.

Kununua kitu usichokigusa kunahitaji subira. Nilimpigia mwenyewe kwa video, nikamwomba apige kila uzi, freti moja baada ya nyingine, polepole, kutoka juu hadi chini. Alifanya hivyo bila kunung'unika. Kisha nikamwomba aligeuze anionyeshe nyuma, pale kichwa kinapoungana na shingo. Kichwa cha Les Paul kimelala kwenda nyuma, na gitaa likianguka hupasuka hapo. Mengi hugundishwa yakapakwa rangi. Akalisogeza dirishani, mwanga ukapita juu ya mbao, hakukuwa na ufa.

Akalegeza nyuzi kidogo, akajaza leso chini ya kichwa na kuzunguka shingo ndani ya begi, akalipakia basi la usiku. Alfajiri nilikuwa ofisi ya mizigo pale Accra Road. Nilifungua zipu kidogo nikaona leso ya rangi ya chungwa, nikafunga. Sikutaka kuliona barabarani. Nyumbani nilipomwandikia kumuuliza nimrudishie vipi leso yake, akasema hiyo ni ya gitaa.

Kwa yeyote atakayenunua kutoka Pwani, hili nawaomba mlishike. Mbao iliyokaa kwenye unyevu wa Mombasa ikija kwenye hewa yetu kavu huku juu inakauka na kunywea. Baada ya muda nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti za mwanzo, na ncha za freti zikawa zinachubua mkono pembeni mwa shingo. Si kwamba umeuziwa kitu kibovu. Shingo imenyooka kupita kiasi. Ndani yake kuna chuma cha kuirekebisha, na nilikilegeza robo mzunguko, nikaacha hadi kesho yake, nikasikiliza tena. Usikizungushe kwa nguvu hata siku moja. Ncha za freti fundi alizipiga tupa ndogo.

Yule kaka wa Mombasa aliniomba video tukipiga ibada ya Jumapili. Nilimtumia. Alinijibu kwa sauti, dakika nzima, na mkewe anasikika nyuma akiuliza, "Ndilo lile letu?"

Jirani wa Pipeline

Ya kwangu fupi. Nilichukua Stratocaster ya mtumba, nikaunganisha chumbani, ikaanza kunguruma hata sijagusa uzi. Pikapu nyembamba ni antena. Zinanasa umeme wa nyumba nzima, na huku kwetu ghorofa zimebanana, kuna taa za mirija, friji, chaja, kila kitu ukutani. Nikagundua nikigeuka na gitaa kuelekea dirishani mngurumo unapungua, nikielekea mlangoni unarudi. Sasa nina mahali pangu pa kusimama, na jirani wa upande wa pili ananiambia siku nisipopiga anauliza kama nimesafiri.

Asiyetaka mngurumo atafute pikapu nene. Ndani yake kuna koili mbili zilizogeuziana, na kelele ya moja inafuta ya nyenzake. Seth Lover wa Gibson ndiye aliyeibuni, katikati ya miaka ya 1950.

Na jingine: mkiona ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, iliyotoka Marekani, soma nyuma kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 120, hapa ni 240. Bila transfoma inaungua palepale. Gitaa lenyewe halina shida, halichomekwi ukutani.

Mzee Rithim

Wanangu, nimesoma yote haya nikiwa nimekaa sebuleni, nami nimeona niandike.

Nilipiga gitaa la rithim, lile la kushikilia mapigo, kwenye mahoteli na mabaa ya mji huu miaka ya themanini. Wakati ule, kati yetu sisi tuliopiga, ni wachache mno walioweza kusema "gitaa langu". Vyombo vilikuwa vya mwenye baa, au vya kiongozi wa bendi. Usiku ukimaliza kazi unakirudisha chombo kwenye stoo, inafungwa, ufunguo anakaa nao mwenyewe. Mchana ukitaka kufanya mazoezi huna cha kushika. Ukikosana naye juu ya malipo, umekosana na gitaa pia. Nimeona wapigaji hodari wakihama bendi si kwa kupenda, bali kwa kufuata vyombo. Na mimi niliacha muziki mikono mitupu, nikafanya kazi nyingine hadi nikastaafu.

Binti yangu ndiye aliyeniletea simu jioni moja. "Baba, hebu ona." Ilikuwa Squier Telecaster, rangi ya siagi, inauzwa na kijana mwanafunzi kule Kahawa Wendani. Telecaster ni ya zamani kuliko hiyo Stratocaster yenu. Fender waliitoa 1950 kwa jina Broadcaster, wakalibadilisha mwaka uliofuata. Kwa rithim sijaona ya kuishinda. Sauti yake ni kavu na safi, kila uzi unausikia, na ukipiga pamoja na solo hamkanyagani.

Tulikwenda wote wawili. Yule kijana alinipa kiti, akanipa gitaa, akasema, "Jaribu, mzee." Nikapiga rithim ya namna ile ya Simba Wanyika, wale ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakafanya makao huku mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkono ulikumbuka. Taratibu mwanzoni, halafu ukashika njia. Kijana alikuwa amesimama na bei yake, akaketi chini sakafuni. Akaniuliza kidole cha kati kinakwenda wapi. Nikamwonyesha. Akaniomba nirudie, akanirekodi kwa simu.

Alipunguza bei bila kuombwa. Mimi sikutaka, maana ni mtoto wa shule na anahitaji hela. Tukabishana kinyume, mnunuzi anapandisha na muuzaji anashusha, mpaka binti yangu akaamua. Jumamosi kijana anakuja kwangu na gitaa la kuazima, anapiga solo, mimi rithim. Nimemfundisha pia benga, jinsi solo inavyojibizana na mwimbaji halafu ikiachiwa uwanja mwisho wa wimbo inapanda yenyewe. Gitaa nalilaza chumbani kwangu. Mchana nikitaka napiga.

Solo wa Kayole

Mzee wetu, heshima. Zaidi ya huyo kijana, una nafasi ya mwingine Jumamosi? Nitakuja na yangu.

Mzee Rithim

Njoo, mwanangu. Leta na kebo, hapa iko moja tu.

Mpya Rongai

Nawasoma tangu asubuhi. Naomba msaada, kesho saa kumi na moja jioni naenda Kiserian kuona gitaa la Ibanez, mwenyewe anasema ampu hana. Nibebe nini?

Dada wa Githurai

Usiende jioni, ndugu. Mwombe iwe saa nne asubuhi, uione shingo kwenye mwanga wa jua. Lishike kama bunduki, jicho moja limefumbwa, utazame kutoka darajani kwenda kichwani kama imepinda.

Jirani wa Pipeline

Beba kebo yako na ampu ndogo ya betri ya kusikilizia kwa spika za masikioni. Sikiliza kila pikapu peke yake, zungusha kila nobu hadi mwisho. Asiye na ampu leo alikuwa nayo jana alipokuwa analipiga, kwa hiyo muulize alikuwa analipigia wapi. Mimi kuna mmoja nilimuuliza hivyo, hakuwa na jibu la gitaa limetoka wapi wala hakujua kulishika. Nikamshukuru nikaondoka. Makanisa mengi yameibiwa vyombo.

Buluu ya South C

Na penseli. Ukirudi tupe picha, ya mbele na ya nyuma, na namba ya kichwani tukusomee.