Mwale wa chembe: ni wa filamu tu ao upo kweli?

Kadogo wa Katuba
Jambo wakubwa. Jana usiku tulikuwa kwa jirani mwenye jenereta, filamu ya vita vya angani. Meli moja ikatoa mwale wa buluu, ikapasua nyingine vipande viwili. Kaka yangu anasema ile ni leza. Mimi nasema ni mwale wa chembe, tena Wamarekani wanao. Atakayeshindwa ananunua fanta. Nani ana haki?

Fundi Kamalondo
Mdogo wangu, natengeneza televisheni tangu zile za mgongo mrefu, kwa hiyo mwale wa chembe nimekaa nao mezani miaka na miaka. Leza ni mwanga. Huu mwingine ni vitu vyenye uzito, elektroni ao protoni, vinavyosukumwa kwa umeme mkali. Shingoni mwa televisheni ya mgongo mna kibunduki kinachorusha elektroni kwenye kioo, kwa volti kama 25,000 zile za rangi. Sogeza sumaku ya spika: uso wa msoma habari unageuka kijani na zambarau. Mwale umepinda. Dunia nayo ni sumaku, sasa wewe utalengaje kombora la mbali? Tena elektroni zenyewe zinasukumana, mwale unatanuka njiani.

Halafu kuna hewa. Ndani ya ile shingo ya kioo kuna doa linalong'aa kama fedha. Nikikuta limekuwa jeupe kama maziwa, sishiki hata bisibisi. Hewa imeingia, elektroni hazifiki tena kwenye kioo kilicho pale pale mbele yao. Na wewe unataka zivuke kilomita mia!

Mwalimu Mama, Kenya (yetu ya hapa Lubumbashi, si ya Nairobi)
Fundi kasema kweli. Wamarekani walikwepa sumaku hivi: haidrojeni yenye elektroni moja ya ziada inaharakishwa, kisha inapitishwa kwenye gesi, ile elektroni inabanduka. Chembe inaendelea na mbio zake bila chaji, sumaku haina pa kuishika. Julai 1989, katika jaribio lililoitwa BEAR, roketi iliyobeba mtambo wa namna hiyo ilipaa toka New Mexico, Marekani, hadi kilomita 200 hivi, mtambo ukafanya kazi, ukarudi mzima. Haukupasua meli ya mtu. Siku hizi umo makumbusho. Mwaka 2019 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilipanga jaribio jingine la 2023, mwaka uleule ikaliweka kando.

Kadogo wa Katuba
Na mtu akipigwa nao, anakatika?

Mwalimu Mama
Anatoli Bugorski, Mrusi, mwaka 1978 aliinamia mtambo wa kuharakisha chembe wa Protvino, huko Urusi, mwale wa protoni ukampita kichwani. Aliona mwangaza mkali, maumivu hakusikia. Uso ukavimba, ngozi ikabanduka, sikio la kushoto likafa. Lakini aliishi, akamaliza na udaktari wake wa fizikia.

Fundi Kamalondo
Fanta mnywe nusu kwa nusu. Pasipo hewa mwale unaopita ubavuni huuoni, uwe leza ao chembe. Ile buluu ni ya mchoraji.

Kadogo wa Katuba
Sawa Papa Fundi. Kwetu kuna moja ya mgongo, imezima tangu mwaka jana. Nilete?

Fundi Kamalondo
Doa lina rangi gani?

Kadogo wa Katuba
Jeupe.

Fundi Kamalondo
Usipoteze pesa ya taksi.