Nimepaka rangi ya zambarau vitambaa vya majoho ya kwaya vimetoka mabaka, Majilio ndio haya, naombeni ushauri

MamaTuli
Wakuu habari za jioni. Nina shida naomba msinicheke. Sisi kwaya yetu tunashona majoho ya zambarau ya Majilio, zile wiki za kuelekea Krismasi, mimi ndio nimebeba jukumu la kitambaa, sasa nimenunua cheupe nikasema nitakipaka rangi mwenyewe nyumbani kwa sababu nilishawahi kuona mafunzo ya batiki kinamama wakifanya na ikatoka vizuri kabisa. Nimenunua rangi, kostiki na haidrosi (zile dawa za kuyeyushia rangi ya batiki), nimechemsha maji nikafanya kama nilivyoona. Kitambaa kikitoka kwenye maji kina rangi nyingine kabisa nikashtuka, nikakianika kikawa zambarau nikashukuru Mungu. Nilipokisuuza rangi ikaondoka karibu yote, imebaki zambarau mpauko, tena mabaka mabaka kama ukurutu. Nimerudia mara mbili vile vile. Jumapili ya kwanza ya Majilio imebaki wiki mbili. Nifanyeje rangi ikolee?

Kobe Mzee
Pole dada. Ongeza chumvi.

FundiSaidi_Moro
Chumvi ya nini sasa, ametumia kostiki na haidrosi hiyo sio rangi ya chumvi. Dada hicho kitambaa ni cha aina gani? Pamba au nini? Anza hapo kwanza.

MamaTuli
Ni cheupe kizuri tu kizito kiasi, hakikunjamani ovyo. Muuzaji alisema ni pamba. Naomba jibu la rangi kukolea jamani, kitambaa hakina tatizo.

Mwana wa Shela
Zambarau si rangi ya mchezo dada yangu, tangu zamani inasumbua watu. Kule Tiro, Lebanon ya leo, Wafoinike walikuwa wakiitoa kwa konokono wa baharini. Wana kitezi kidogo, ute wake ukitoka hauna rangi ya maana, ukipigwa na hewa na jua unageuka taratibu mpaka unakuwa zambarau. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Paul Friedländer alichukua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 ya rangi. Elfu kumi na mbili! Ndio maana ilikuwa ya wafalme. Dola ya Roma mwaka 301 Diocletian alipopanga bei za vitu, ratili moja ya hariri ya zambarau iliandikwa dinari 150,000. Na hilo neno letu urujuani limetoka kwa Waarabu, wao zambarau wanaiita urjuwan.
Halafu alichokiona dada ndicho walichokiona watu wa Tiro. Rangi ya konokono na nili ya bluu ni ndugu wa damu, tofauti ni kemikali moja tu inayoitwa bromini. Zote unaziyeyusha kwanza zinapoteza rangi, kitambaa kinakunywa, ukikitoa hewani rangi inarudi. Kwa hiyo ulivyoshtuka hukukosea kitu, ndivyo inavyotakiwa.

MamaTuli
Asante sana kaka, hapo umenitoa hofu. Kwa hiyo nirudie mara ya tatu?

Neema tele
Shalom. Mimi nimesoma nimemkumbuka Lidia wa Thiatira, Matendo 16, mama aliyekuwa anauza zambarau kule Filipi. Biashara ya gharama ile, na Bwana akamfungua moyo, akabatizwa na nyumba yake yote akawakaribisha akina Paulo kwake. Mpendwa kazi ya Mungu isifanywe kwa haraka haraka na kubana matumizi. Kwani kwaya haikuchanga hela ya kununua kitambaa kilichokwisha kupakwa rangi?

Bibi wa Pangani
Mie mnikumbusha mbali. Tukiwa wadogo nyuma ya skuli palikuwa na mzambarau mkubwa, msimu wake tunapanda mpaka ulimi unakuwa mweusi, shati jeupe la skuli likishika maji ya zambarau basi huna la kumwambia mama. Siku hiyo mama yangu akalichukua shati akalifua kwa sabuni ya kipande, lile doa likageuka bluu bluu hivi! Akakamulia ndimu likarudi wekundu. Nililia nikidhani shati limerogwa. Kumbe maji ya matunda yale ndivyo yalivyo, ukali wa ndimu yanakuwa mekundu, sabuni na majivu yanaenda kwenye bluu. Hata choya iko hivyo hivyo. Kwa hiyo mjukuu wangu wakikwambia chemsha zambarau au choya upake nguo usikubali, ukifua mara mbili imekwenda.

Dume la Nyegezi
Si umwagie GV tu, ile ya vidonda vya mdomoni. Chupa moja kwaya nzima inawaka.

FundiSaidi_Moro
Usifanye hiyo dada. GV inashika ngozi na kuta na kila kitu siku ya kwanza, ikikaa juani inapauka, na wanakwaya wakitoka jasho shingo zote zambarau.
Narudia swali. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kitambaa, uwashe na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu laini. Tetroni, yaani nyuzi za kiwandani za poliesta, inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu cheusi. Niambie umeona nini. Na sufuria uliyotumia ni ya nini?

MamaTuli
Sufuria ni ile kubwa ya shughuli ya alumini. Ilitoa povu sana na imekuwa nyeusi ndani nikajua ni rangi.

FundiSaidi_Moro
Mama! Kostiki na alumini haviendi pamoja kabisa, inaila sufuria na ile povu ni gesi inayoshika moto. Na kostiki yako nyingi imeishia kwenye sufuria badala ya kufanya kazi. Tumia ndoo ya plastiki, maji ya moto umimine humo. Vaa glavu. Kostiki unaitia kwenye maji taratibu, usimimine maji juu ya kostiki itakurukia usoni. Haidrosi ifunge isipate unyevu, ikishapigwa na hewa siku nyingi inakufa nguvu. Na hiyo sufuria usipikie tena.

Wanjiru wa Kisauni
Pole mamaa. Lakini mimi bado nashangaa, kwani zambarau imeisha maduka yote? Huku kwetu ukienda dukani unapewa rangi mpaka unachoka kuchagua.

MamaTuli
Ilikuwa imeisha. Ile zambarau iliyokolea ya kikanisa ilikuwa imeisha.

Wanjiru wa Kisauni
Imeisha mji mzima, karibu na Majilio, wakati wenye maduka ndio wanaileta?

Neema tele
Mpendwa sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

MamaTuli
Haya. Wanakwaya tuko 22, kila mtu alitoa elfu 25, jumla 550,000 mkononi kwangu. Mita 77 za zambarau kwa 6,000 ni 462,000, zilizobaki ni malipo ya awali ya fundi. Wiki hiyo hiyo mwanangu wa pili alilazwa, baba yao yuko safari na simu haipatikani, nikatoa humo. Nikaona cheupe kinauzwa 3,000, yaani 231,000, nikasema nikipaka rangi mwenyewe hakuna atakayejua na mwisho wa mwezi narudisha. Sio wizi. Mtoto amepona. Na mimi ndiye nimeshona nguo za kwaya ile miaka sita bure bila kudai hata nauli, kwa hiyo naomba mtu asiniambie mambo ya Lidia. Nimeuliza rangi.

Neema tele
Mimi sijakuhukumu mama. Nimefurahi mtoto amepona. Ila ukimwambia mwenyekiti leo ni shida ya mtoto mgonjwa, akijua mwenyewe baadaye inakuwa fedha ya kwaya iliyopotea.

Kobe Mzee
Mimi nilishakuwa mhazini wa chama cha kufa na kuzikana miaka minne, naongea kwa uchungu. Siku nilipokopa elfu 80 tu bila kusema, msiba ukaja usiku ule ule. Nilizunguka kwa jirani mpaka saa nane usiku. Sijasahau uso wa mfiwa.

Mhasibu Mstaafu
Wakuu hii ni chai. Hesabu zangu hazikubali. Mita 77 za kitambaa kizito, mtu amezipaka mara mbili, kwa sufuria moja, jikoni kwake, mtoto yuko hospitali? Maji tu ya kusuuza mzigo huo ni mapipa. Halafu muuzaji wa kitambaa asijue tetroni? Hapa mnapigwa, mwisho wa mada inakuja namba ya kuchangia.

Dume la Nyegezi
Hata mimi nilihisi. Mleta mada weka picha.

Mwana wa Shela
Ngojeni jamani, hata kama ni chai elimu inapita. Pwani yetu yenyewe iliwahi kulisha Ulaya zambarau. Karne ya 19 Unguja na pwani ya kaskazini walikuwa wakipeleka majahazi na meli za yale magamba kama ndevu yanayoota kwenye miti na mawe ya ufukweni, Wazungu wanayachachusha na amonia, zamani walitumia mkojo uliolala, yanatoa zambarau. Halafu mwaka 1856 London kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria kutokana na lami ya makaa ya mawe, ikamshinda, kwenye chupa likabaki tope jeusi. Alipolisafisha kwa spiriti likatoa zambarau, akajaribu kwenye hariri ikashika. Mwaka 1858 Malkia Victoria akavaa zambarau kwenye harusi ya binti yake, na zambarau ikatoka mikononi mwa wafalme mpaka leo tunaikuta kwenye pakiti sokoni. Malaria ile ile inayotulaza sisi ndiyo iliyoleta rangi hii. Mimi nikifikiria hivyo siwezi kuiona zambarau kama rangi ya kawaida.

Mhasibu Mstaafu
Historia nzuri kaka, ila mleta mada hajajibu.

MamaTuli
Ningejibu vipi wakati namwogesha mtoto. Baba yangu Mhasibu sikusema nimepaka zote. Nimepaka mita 12, vipande vinne vya mita tatu tatu, kila kimoja peke yake, mara mbili. Mita 65 bado nyeupe, katika hizo 40 fundi ameshakata na siwezi kurudisha dukani. Namba ya simu sijaweka na siweki. Picha inagoma kupanda, bando langu dogo.
Na nimechoma uzi. Umeyeyuka, umebaki kidonge cheusi, lakini pia ulinuka karatasi kidogo.

FundiSaidi_Moro
Basi tumefika. Huo ni mchanganyiko wa tetroni na pamba, nguo za skuli nyingi ziko hivyo. Rangi yako ya batiki inashika pamba tu, tetroni inakaa vile vile nyeupe, ndio maana mpauko. Hata urudie mara kumi. Tetroni ina rangi zake nyingine na inahitaji joto kali kuliko maji yanayochemka, kiwandani wanaipika kwenye mitungi ya presha. Nyumbani usihangaike. Mabaka nayo yametokana na ile dawa ya kiwandani ya kukakamaza kitambaa, hukuifua kwanza, na kitambaa kilikunjamana kwenye sufuria.
Ushauri wangu acha majoho yawe meupe. Fundi aendelee. Zambarau iweke kwenye kola ndefu za kuvaa shingoni. Nunua bafta, mita 15, uichome uzi hapo hapo dukani kabla hujalipa. Urefu wa mita 2.4 upana wa mita 1.2 unakata kola nne za sentimita 30, ukizikunja mbili zinakuwa na uzito. Mara sita unapata 24, wanakwaya 22 na mbili za akiba.

MamaTuli
Bafta si ya sanda? Wataniambia nimewavisha sanda.

Bibi wa Pangani
Ikishakuwa zambarau nani atajua? Bafta ni pamba safi mwanangu, watoto wetu wote tuliwapokea kwa bafta kabla ya mambo ya sanda.

FundiSaidi_Moro
Ichemshe kwanza na sabuni, isuuze mpaka maji yawe meupe. Iingie kwenye rangi ikiwa mbichi imelowana, sio kavu. Kata kwanza, upake kola nne nne, nafasi iwepo, geuza muda wote na fimbo, isielee juu. Vipimo fuata vya aliyekuuzia rangi lakini jaribu kwanza kipande cha kiganja. Ukitoa itandaze kivulini mpaka igeuke yote ndio usuuze.

Mhasibu Mstaafu
Kama ni kweli basi samahani mama. Hesabu ya bafta nimeikagua, mita 14.4, iko sawa. Lakini ile pesa andika kwenye daftari la kwaya leo, tarehe na kiasi, kwa mkono wako, kabla mtu hajauliza.

MamaTuli
Nimeandika baba. 231,000 nimeandika yote, hata ile niliyonunulia rangi.
Nimempigia mwenyekiti mara mbili hapokei, nadhani yuko mazoezini. Bafta nimeshachoma uzi dukani, muuzaji alinishangaa sana. Imebaki majivu. Nimeiloweka hapa, kesho asubuhi naanza na kipande cha kiganja. Fundi Saidi, ndoo ya lita 20 inatosha kwa kola nne au nitafute beseni?

FundiSaidi_Moro
Ndoo inatosha.