Dear You ya Jawbreaker: walisaliti au walikua?

Kaseti Chakavu

Wakuu, heshima kwenu. Nitangulize kusema kwamba nazungumzia panki ya muziki, rock ile ya kasi na kelele, si ya kichwani. Kuna kesi ambayo tangu 1995 haijafungwa, na mimi naona mtuhumiwa alihukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Mtuhumiwa ni albamu ya Dear You, na shtaka ni kwamba bendi ya Jawbreaker iliwasaliti mashabiki wake wa panki kwa kuhamia lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya muziki. Kwa wasiowajua Jawbreaker, walikuwa watatu tu: Blake Schwarzenbach kwenye gitaa na sauti, Chris Bauermeister besi, Adam Pfahler ngoma. Jina walilijengea San Francisco kwa albamu tatu za lebo ndogo: Unfun (1990), Bivouac (1992) na 24 Hour Revenge Therapy (1994). Hiyo ya tatu ndiyo mashabiki wanaiapia hadi leo. Sehemu kubwa aliirekodi fundi mitambo Steve Albini, kavu, bila marashi, kama vile umesimama nao chumba kimoja. Halafu wakasaini na lebo kubwa, DGC ya Geffen, nyumba ile ile ya Nirvana, wakaingia studio na Rob Cavallo, prodyuza aliyetoka kuipika Dookie, albamu ya bendi nyingine ya panki, Green Day.

Albamu ilitoka Septemba 1995. Kwenye maonyesho, nyimbo mpya zikianza, kuna mashabiki waliokuwa wanakaa sakafuni na kuipa bendi mgongo. Hebu lifikirieni hilo. Umetoa hela yako, umepanga foleni, umeingia, ili ukamwoneshe mtu kisogo! Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Mimi nasema hiyo ndiyo albamu yao bora. Wanaolalamika kwamba imelainishwa huanza na koo la Blake: mbona hakwaruzi tena? Jamani, yule bwana aliota vinyama kwenye nyuzi za sauti akafanyiwa upasuaji wakiwa ziarani Ulaya. Wimbo wa Outpatient, humo humo kwenye 24 Hour mnayoiapia, unalisimulia jambo hilo. Mlitaka akwaruze mpaka awe bubu?

Vaeni spika za masikioni msikilize Accident Prone. Ni dakika sita na ushee. Gitaa linaanza polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani, sauti inakuja ya chini, ya mtu aliyechoka kujitetea. Mnapanda, mnapanda, halafu katikati kila kitu kinanyamaza, na mkirudi gitaa zinaanguka zote kwa pamoja. Kwa rekodi ya bei poa ule wimbo ungekufa. Kimya lazima kiwe kimya kweli ndipo kishindo kiwe kishindo.

Mgongo Wazi

Mkuu, umeandika vizuri ila umeikwepa kesi yenyewe. Waliokasirika hawakukasirikia gitaa safi. Hawa jamaa walipoitangulia Nirvana kwenye ziara ya 1993 minong'ono ilianza, na wao wakawa wanasema hadharani, tena na tena, kwamba lebo kubwa hawaitaki. Kisha wakasaini. Mkataba wenyewe unatajwa kuwa wa dola milioni moja.

Na lazima uyajue mazingira. Pale Berkeley, jirani na San Francisco, kuna ukumbi wa 924 Gilman Street unaoendeshwa na watu wa kujitolea, na enzi hizo ulikuwa na msimamo wa kutopokea bendi za lebo kubwa. Green Day walikulia pale, na waliposaini mlango ulifungwa. Vijana wa pale hawakuwa wateja. Walikuwa wanafagia, wanauza tiketi, wanabeba spika. Ukimwambia mtu wa hivyo kwamba huondoki, kisha ukaondoka, usimshangae akikupa mgongo. Hilo ndilo jibu pekee alilokuwa nalo asiyeshika maiki.

Mgeni wa Jana

Mimi nilianzia Dear You, ugomvi wenu hata sikuujua. Wimbo wake wa Fireman ndio ulioninasa. Niliporudi nyuma kuisikiliza 24 Hour nikadhani ni demo, rekodi ya majaribio. Msinipige.

Besi Mbele

Hatukupigi, tutakusomesha tu.

Mimi sina habari na ahadi wala na koo. Shida yangu ni kwamba wamemzika Bauermeister. Nenda kasikilize Want, wimbo wa kwanza kwenye Unfun: besi ndiyo inayoimba, gitaa linafuata. Kwenye Dear You, Cavallo amepanga gitaa juu ya gitaa mpaka besi imekuwa ya kuhisi kifuani tu, sikioni huipati. Mnaita ukomavu, sawa. Lakini katika bendi ya watu watatu, ukimzamisha mmoja umepoteza theluthi. Na nusu ya pili ya albamu inaburuta miguu, wimbo wa Jet Black ndio unaoiokoa.

Kaseti Chakavu

Besi Mbele, hapo kwenye besi nimenyoosha mikono, sina utetezi. Kwenye nusu ya pili tutakutana mahakama ya rufaa.

Mgongo Wazi, ahadi waliivunja, sibishi. Lakini iangalieni Boxcar, iko kwenye 24 Hour, kabla ya mkataba wowote. Wimbo mzima unawacheka watu wanaojipa kazi ya kupima nani ni panki na nani siye. Mashabiki wakaucheza kwa furaha wakidhani anachekwa jirani. Halafu Dear You haikuuza, ikapotea madukani hadi Pfahler mwenyewe alipoitoa tena 2004 kwa lebo yake ndogo ya Blackball. Kama huo ni usaliti wa kutafuta utajiri, basi walisaliti vibaya sana.

Waliporudi kwenye Riot Fest ya Chicago mwaka 2017, Accident Prone walipiga. Nadhani waliokaa sakafuni 1995 safari hii hawakukaa: kwa umri wao waliogopa kushindwa kuinuka.

Mgongo Wazi

Kutouza si utetezi. Mwizi aliyeambulia pochi tupu bado ni mwizi.

Besi Mbele

Ila hapo kwenye kuinuka amekupata.

Mgongo Wazi

Nimecheka, ndiyo. Nimeirudia Accident Prone sasa hivi, spika masikioni, kama alivyoagiza mwenye mada. Pale katikati inaponyamaza… haya, sawa. Nimeirudisha mara mbili.

Lakini waliahidi.